Aliyefunga Kabla Yangu

Bolti ya kwanza niliyoikata maishani ilikuwa ya gurudumu la kushoto la lori, mwaka 1982, kati ya Chalinze na Morogoro, saa nane mchana. Nilikuwa utingo wa wiki tatu. Tairi la nyuma lilikuwa limepasuka, dereva akanikabidhi spana ya magurudumu na kipande cha bomba cha kuongezea urefu, yeye akaenda kujilaza chini ya mwembe. Nikaingiza spana, nikaivika bomba, nikapanda juu yake kwa miguu yote miwili na kuanza kuruka. Nati ikagoma. Nikaruka tena kwa uzito wangu wote, ikatoa mlio mkavu kama wa mfupa, nikashuka nimejaa furaha kwamba imeachia. Kumbe nimekata bolti. Na kwa furaha hiyo hiyo nikahamia ya pili, nayo nikaikata.

Dereva alipoamka hakunitukana. Alichovya kitambaa kwenye dizeli, akapiga magoti, akaanza kusugua ncha ya bolti ya tatu taratibu. Tope likatoka, kutu ikatoka, mpaka chuma kikaonekana. Katikati ya ile ncha palikuwa na herufi moja iliyogongwa kiwandani: L. "Soma," akasema. Basi, neno moja tu.

Malori mengi ya zamani ya Kiingereza ndivyo yalivyokuwa. Nati za upande wa kulia zinafunguka kama nati nyingine zote, za upande wa kushoto zinafunguka kinyume, ili gurudumu likizunguka lisije likazilegeza lenyewe njiani. Mimi nilikuwa narukia bomba kukaza kitu ambacho tayari kimekazwa. Na aliyetengeneza ile bolti, mtu ambaye hatujaonana wala hatutaonana, alijua siku moja atasimama kijana kama mimi mbele ya kazi yake, akamwandikia. Kilichonishinda ni kufuta tope nikasoma.

Tulifika Iringa na bolti mbili pungufu. Njia nzima sikuthubutu kumtazama dereva usoni.

Nimeitwa fundi kwa zaidi ya miaka arobaini sasa. Nimefungua injini Tanga, Mbeya, Tunduma, Kigoma, ng'ambo ya ziwa huko Kongo, na miaka saba Oman. Watu wa kwetu wananisifu kwamba najitegemea, kwamba hata nikiachwa porini na spana tatu nitatoka. Ni kweli porini nimetoka, tena mara nyingi. Lakini nikikaa nikakumbuka moja moja, naona nilitoka kwa sababu kuna mtu aliyeifikia ile mashine kabla yangu akafanya kazi yake akinifikiria. Na mara nyingi nilipokwama kweli kweli, ni pale aliyenitangulia alipofunga ili mradi amefunga, akaondoka.

Aliyenianzisha kwenye fikra hizi ni mzee mmoja wa mashine ya kusaga. Nimezaliwa wilaya ya Muheza, katikati ya mashamba ya mkonge, na baba alikuwa mkata mkonge. Nilimaliza darasa la saba mwaka 1977, sikuchaguliwa kwenda sekondari kama wengi wetu wa wakati ule, nikapelekwa kwa mzee huyo nikajifunze kazi. Injini yake ilikuwa Lister ya silinda moja, nguvu za farasi sita, ile yenye magurudumu mawili makubwa ya chuma ubavuni, inayokwenda mizunguko 650 kwa dakika. Mwendo wa taratibu, kila pigo unalisikia peke yake. Kijiji kizima kilijua kwa mlio huo kama leo kuna unga au hakuna.

Miezi mitatu ya kwanza hakuniruhusu kushika spana. Nilijaza maji kwenye pipa la kupozea, nilichuja dizeli kwa kitambaa, nilipaka ulimbo kwenye mkanda usiteleze, na nilizungusha mpini asubuhi huku yeye ameinua valvu ili mashine isinikatae. Jioni ananiuliza: "Leo umesikia nini?" Nikisema sijasikia kitu, anajibu, "Basi kesho utasikiliza tena."

Siku tuliyoifungua injini alitandika gunia chini, na kila kilichotoka kiliwekwa juu yake kwa mpangilio kilivyotoka, kutoka kushoto kwenda kulia, kama mtu anayeandika mstari. Tulipofika kwenye konrodi, ule mkono wa chuma unaounganisha pistoni na kranki, alinivuta shingo nikaingiza kichwa ndani. Kwenye konrodi na kwenye kifuniko chake palikuwa na nukta moja moja zimegongwa kwa senta panchi, chuma chenye ncha cha kugongea alama, zinatazamana. Kifuniko kile ukikigeuza upande, beringi haitamaliza wiki. Aliyeifungua kwanza, kabla ya mzee wetu, alikuwa ameacha alama. Mzee alisafisha, akafunga nukta ikitazama nukta, kisha akanipa nyundo na panchi nigonge ya pili pembeni ya ile ya kwanza, pande zote mbili. "Atakayekuja ajue imefunguliwa mara mbili," akasema. Halafu akachukua grisi kidogo kwa ncha ya kidole akapaka kwenye nyuzi za bolti za vifuniko vya nje. Nilidhani ni kupoteza grisi, maana mwaka ule wa 1980 hata sabuni ilikuwa shida. Akanitazama. "Weye funga kama kwamba utakuja kufungua weye mwenyewe, usiku, na mvua inanyesha."

Ukutani, juu ya msumari, palining'inia kopo la Blue Band. Ndani mlikuwa na washa, pini, springi moja ya valvu iliyofungwa kwenye kitambaa cha oili, na vipande vya kupimia nafasi. Hakuruhusu kopo lile lihamishwe. Lilikuwa la mashine, si la fundi.

Vijana wanaoagiza spea leo kwa simu huenda wasielewe miaka ile. Vita vya Uganda vilikuwa vimekwisha 1979, fedha za kigeni hazikuwepo, na spea ukiisikia ipo Dar es Salaam, ukifika unaambiwa ilikuwepo. Gasketi za vifuniko, zile karatasi za kuziba kati ya chuma na chuma, tulikata wenyewe kwenye maboksi. Unalaza karatasi juu ya chuma, unagongagonga ukingoni kwa kichwa cha mviringo cha nyundo, na ukingo wa chuma wenyewe ndio unaokata karatasi. Ukigonga kwa nguvu unaharibu ukingo, ukigonga kwa woga karatasi inachanika vibaya. Nilikata mamia. Lakini ya silinda hedi, kile kichwa cha injini, haikuwa na mbadala wa boksi. Hiyo ilitolewa kwa vidole kumi, ikahifadhiwa kama yai, ikarudi mahali pake.

Nilipokwenda kwenye malori nilikuwa na hayo tu kichwani, na hata hayo, kama nilivyoeleza, nikayasahau mbele ya bolti ya kwanza.

Njia yetu ilikuwa Dar es Salaam hadi Tunduma, mara nyingine kuvuka mpaka hadi Zambia. Nitaeleza siku moja tu ya miaka ile, maana ndiyo iliyonifanya fundi. Mwaka 1986 tulikuwa na lori linalozima. Halikuzima kwa kishindo: lilikosa nguvu, likakohoa, likanyamaza. Unalegeza nati ya pampu, unapampu kwa mkono mpaka mapovu yaishe, unakaza, linawaka. Kilomita kumi na tano mbele, tena. Tulitoka Mikumi kwa mtindo huo tukaingia Ruaha Mbuyuni tukiwa tumechoka kabisa, na mbele yetu ni mlima wa Kitonga. Lori lenye mzigo likizima kwenye kona za Kitonga, nyuma yako kuna msururu na kando yako kuna korongo. Dereva alikataa kuondoka. Alikuwa sahihi.

Kila aliyesimama kutusaidia alitafuta panapovuja, akapapasa mabomba akitafuta unyevu. Pote pakavu. Na hapo ndipo ugonjwa huu unapowachezea watu. Bomba linalotoka kwenye tangi kwenda kwenye pampu ya kuvutia halisukumi dizeli, linaivuta. Likiwa na upenyo, dizeli haitoki nje. Hewa ndiyo inayoingia. Panapovuja ni pakavu kama kwingine kote.

Nilikaa nikafuata njia ya dizeli kwa kidole tangu tangini, kiungo kwa kiungo. Kisha nikaona ni lazima nigeuze mambo, niisukume badala ya kuivuta. Nikachomeka kipande cha mpira kwenye mdomo wa tangi, nikaziba kandokando kwa vitambaa vilivyolowa, nikaanza kupuliza kwa mdomo. Nilipuliza mpaka masikio yakaziba na macho yakatoka machozi. Dereva alikuwa chini na tochi. Mara nikasikia: "Hapa! Panatoka jasho!"

Palikuwa kwenye kiungo cha bomba, penye washa mbili za shaba. Fundi aliyepita kabla yetu alikuwa ameikaza ile bolti kwa tindo na nyundo, alama za tindo zinaonekana kwenye kona zake. Washa zimebanwa zikawa bapa na ngumu kama sarafu, hazishiki tena. Nyingine hatukuwa nazo, na Ruaha Mbuyuni siku hizo ungepata vitunguu vya kujaza lori ila si washa ya shaba.

Nilikumbuka fundi mmoja wa reli aliyekuwa akija kusaga kwetu Muheza, alivyomweleza mzee kwamba shaba haina tabia ya chuma. Chuma cha tindo ukikipasha kikawa chekundu ukakitosa majini, kinakuwa kigumu. Shaba ukiifanyia hivyo hivyo, inalainika, inarudia ujana wake. Pembeni ya barabara palikuwa na mama anachoma mahindi. Nikamwendea.

"Shikamoo mama. Naomba moto wako kidogo."

"Marahaba. Unataka kuchoma nini, mwanangu?"

Nikamwonyesha zile washa kwenye kiganja. Hakucheka wala hakuuliza zaidi. Alisogeza mahindi upande mmoja, akachukua kipepeo, akapepea mwenyewe. Niliziweka juu ya makaa kwa waya. Shaba ikabadilika, kwanza ikapitia rangi ya zambarau, kisha ikawa nyeusi, kisha ndani ya weusi ikaanza kutoka nyekundu iliyofifia. Yule mama ndiye aliyesema, "Zimeiva." Nikazitosa kwenye kikombe cha maji, zikalia mara moja. Nikazisugua uso wake kwenye jiwe laini lililolowa mpaka zikang'aa pande zote, nikazirudisha, nikakaza kwa spana ya saizi yake, kwa mkono mmoja, bila bomba. Tulipanda Kitonga kwa gia ya pili bila kuzima hata mara moja. Nilikuwa namsikiliza yule injini kama mtu anayesikiliza pumzi ya mtoto mgonjwa.

Nilipofika Tunduma nilitafuta washa za shaba nikanunua kumi. Nne nilizitunga kwenye waya nikazifunga kwenye bomba lile lile, karibu na kiungo, mahali ambapo yeyote atakayelala chini ya lori lile ataziona. Lori halikuwa langu, na mwaka 1989 niliachana nalo. Sijui nani aliyezikuta.

Kigoma nilikwenda kwa sababu ya ndugu yangu aliyeniambia kuna kazi za injini za boti. Nilidhani nitakaa miezi sita, nikakaa miaka sita. Ziwani hakuna kando ya barabara. Injini ikifa katikati ya Tanganyika, usiku, upepo ukiwa umeanza, hapiti mwenye lori akakupa spana. Kwa hiyo watu wa boti wana adabu ya mashine ambayo sisi wa barabarani hatukuwa nayo.

Nilifika nikiwa najua kila kitu. Boti yangu ya kwanza ilikuwa ya mbao, inabeba dagaa na watu kati yetu na upande wa Kongo, na shafti ya propela ilipopita kwenye mwili wa boti ilikuwa inadondosha maji. Tone, tone, tone. Mimi nikaona ni aibu, boti inavuja na nahodha ametulia. Nikakaza nati mbili za pale inapopita shafti mpaka pakakauka, nikajisifu. Saa mbili baada ya kuondoka Kigoma tulisikia harufu ya kamba inayoungua. Nikashika pale, mkono ukaungua.

Nahodha alikuwa mtu wa Kalemie, upande wa Kongo, mtu mzima. Alizima injini, boti ikaanza kuyumba, akashuka chini akakaa karibu yangu. "Fundi," akaniambia, "iyi maji njo mafuta yake." Ndivyo ilivyo. Pale palipopita shafti panajazwa kamba iliyolowekwa mafuta, na matone machache ya maji ndiyo yanayopoza shafti na kuifanya iteleze. Ukikausha, kamba inaungua na shafti inalika. Tulitoa ile kamba iliyoungua kwa ndoano ya waya. Ndani ya boksi la mbao la nahodha kulikuwa na kamba ya katani, tayari imesukwa, tayari imekatwa vipande kwa kipimo cha shafti ile, imelala ndani ya grisi na mawese kwenye chupa ya mdomo mpana. Katani! Nilitoka kwenye mashamba ya mkonge, nimevuka nchi nzima, nakuja kuokolewa na katani. Aliyezikata vipande hivyo alikuwa fundi aliyetangulia, aliyekwisha kurudi kwao miaka iliyopita. Tulipanga vipande, kiungo cha kila pete tukakiweka upande tofauti na cha mwenzake ili maji yasipate njia moja iliyonyooka, tukakaza kwa vidole tu, tukawasha, tukahesabu matone. Tangu siku hiyo kitu kinachodondoka nakiuliza kwanza kwa nini kinadondoka.

Bandarini Kigoma tulikuwa tunaiona meli ya Liemba ikiingia na kutoka kwenda Mpulungu, Zambia. Kila fundi wa pale anaijua habari yake, lakini mimi niliisikia kwa mara ya kwanza nikiwa na mkono uliofungwa bendeji, labda ndiyo maana iliniingia. Meli ile ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikaitwa Graf von Götzen. Ikafunguliwa vipande, ikapakiwa kwenye makasha maelfu, ikaletwa Dar es Salaam kwa bahari na Kigoma kwa reli, ikaunganishwa upya na kuteremshwa ziwani mwaka 1915. Mwaka uliofuata, vita vilipowazidi, Wajerumani waliizamisha wao wenyewe isichukuliwe na adui. Na inasimuliwa kwamba mafundi, kabla ya kuizamisha, walizipaka injini zake grisi nene. Waingereza waliitoa chini ya maji mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Iliendelea kwenda kwa mvuke hadi miaka ya 1970 ilipowekewa injini za dizeli.

Fikiria watu wale. Bila shaka walitumaini watarudi wenyewe kuifungua. Hawakurudi. Grisi yao ikawafaa maadui zao, kisha ikatufaa sisi, akina mama wa Kasanga na Kipili wenye magunia ya dagaa na mchele. Niliwahi kukaa jioni nzima kwenye gati naitazama meli ile nikiwaza mkono wa mtu anayepaka grisi kwenye chuma anachokwenda kukizamisha.

Vita vya Kongo vilipoanza mwishoni mwa 1996 boti zilijaa wakimbizi, kazi ikawa nyingine kabisa, na biashara ya dagaa ikavurugika. Nikarudi Tanga. Miaka mitatu baadaye nikapata njia ya kwenda Oman.

Mwajiri wangu wa kwanza huko alikaa na pasipoti yangu, na mishahara ya miezi miwili sikuiona hadi leo. Nilihamia kwa mwingine aliyekuwa mwema, na sitarefusha habari ile. Gereji ilikuwa Wadi Kabir, Muscat, mtaa mzima ni spea na vyuma. Kuanzia mwezi wa tano spana ikiachwa juani dakika kumi huishiki bila kitambaa. Nilikuwa na Mpakistani mmoja na Wahindi wawili wa Kerala, na lugha yetu ilikuwa Kiarabu cha gereji na ishara za mikono.

Wazee wa Kiomani waliozaliwa Unguja na Pemba walisikia kwamba kuna Mtanga Wadi Kabir, wakaanza kuniletea magari ili wapate pa kusema Kiswahili. Mmoja wao alikuwa na gari la zamani alilopandia milima ya Jabal Akhdar, kwenye shamba la ndugu zake la makomamanga. Bolti ya silinda hedi ilikuwa imekatikia ndani, chuma ndani ya alumini. Gereji mbili zilimwambia anunue injini nyingine. "Hebu itazame weye, mwanangu," akaniambia. "Wenzio wamenikatia tamaa."

Nami nilitaka kumkatia tamaa. Ni yule Mpakistani aliyenizuia. Alumini ikipata moto inatanuka karibu mara mbili ya chuma, akanieleza kwa vidole, vidole vya mkono mmoja vikiachia kidole cha mwingine. Akaupasha moto mwili wa alumini kuzunguka kile kisiki, si kisiki chenyewe, halafu akachukua mshumaa wa kawaida akaugusisha. Nta ikayeyuka, ikazunguka, ikazama ndani ya nyuzi mbele ya macho yetu kama maji kwenye mchanga. Akachomelea nati juu ya kisiki, akasubiri ipoe. Robo mzunguko kufungua, robo kurudisha. Robo kufungua, robo kurudisha. Adhana ya alasiri ilitukuta bado tuko pale. Ilipotoka, nyuzi zake zilikuwa zimejaa unga mweupe wa ulikaji. Hakuna grisi iliyowahi kugusa bolti ile. Tulipoifunga mpya tuliipaka grisi ya shaba, na Mpakistani akasema neno kwa lugha yake ambalo sikulielewa, lakini alilisema kwa sauti ile ile ya mzee wangu wa Muheza.

Kule ndiko nilikojifunza pia kuichukia siliconi, ile gundi ya kuzibia. Naiandika hapa kwa sababu imeua injini nyingi kuliko ukosefu wa spea wa miaka ya themanini. Kijana anafungua kifuniko cha oili, hana gasketi, anaminya gundi nene kama anayepaka siagi, anakaza, nje panapendeza. Ile iliyobanwa ikatokea ndani inakatika, inaelea kwenye oili, inakwenda kuziba chujio la pampu. Injini inanoki na kila mtu anashangaa. Uzi mwembamba unatosha. Anayepaka nyingi hajamfikiria mwenye gari, sembuse fundi atakayekuja kukwangua.

Wapo wanaodhani mzee kama mimi anazidharau kompyuta za kupimia magari. Hapana. Kwenye gereji yangu hapa Tanga nina binti anayejifunza, mwaka wa pili sasa, na kile kifaa anakijua kuliko mimi. Namba anayoisoma kwenye kioo imewekwa na mtu aliyejua kwamba siku moja mwingine atakwama. Ni L ileile. Ninachomkataza ni kuagiza spea kabla hajafuata njia kwa kidole. Namba inasema sensa fulani, yaani kihisi cha gari, haisemi kitu. Mara nyingi sensa ni nzima, waya umeliwa na panya.

Mwaka jana watu wa kijijini walinipigia simu. Ile Lister ipo, wajukuu wa mzee wanaiwasha umeme ukikatika, na imeanza kugonga chini. Nikamchukua binti tukaenda. Banda limeezekwa bati jipya, pipa la maji limebadilishwa, lakini mlio wake niliutambua tukiwa bado barabarani, na ule mgongano mdogo kila pigo, nikausikia humo humo. Nikamuuliza binti: "Umesikia nini?" Akasema beringi ya chini.

Tulitandika gunia. Bolti za vifuniko ziliachia kwa mkono. Binti aliingiza kichwa na tochi, akakaa kimya muda mrefu.

"Baba, kuna nukta nne."

Mbili za kwanza nazijua. Ya tatu na ya nne si zangu, na mzee alifariki mwaka 1991. Wajukuu hawakumbuki ni nani. Mmoja alisema kulikuwa na fundi wa baiskeli aliyekuwa akipita. Zote zimegongwa kwa mstari mmoja, nafasi sawa, pande zote mbili.

Kopo la Blue Band bado liko kwenye msumari, limekula kutu, rangi haionekani. Springi ya valvu imo, na kitambaa chake. Chini yake mlikuwa na kitu ambacho hatukukiweka mzee na mimi: karatasi ya daftari la shule iliyokunjwa, na ndani yake vipande sita vya bati jembamba la kopo la soda, vimekatwa kwa mkasi kwa umbo la kifuniko cha konrodi, matundu ya bolti yametobolewa pande zote mbili bila mkwaruzo. Binti alitoa mikromita yake akapima. Sehemu ya kumi ya milimita, vyote sita sawasawa.

Beringi mpya ilihitaji viwili vya kurekebisha nafasi yake. Vinne tulivikunja tena kwenye karatasi yake, tukavirudisha chini ya springi.